Dakika Arobaini na Tano

Gari letu lina jiko, kitanda, na bomba la maji linalokohoa.
Alwyn alilinunua mwaka ule ule
daktari alipoliandika lile neno kwenye karatasi,
na karatasi akaikunja mara nne
kana kwamba neno lingepungua.

Tulitoka Moonta, masufuria yamefungwa kwa kamba za viatu.
Siku ya tatu miti ikatuaga,
wala si kwa kishindo: ulibaki mmoja, ukabaki nusu,
halafu kichaka cha kijivu, kimo cha goti,
halafu kichaka hicho hicho, saa nne nzima.
Nullarbor, alipaita mtu wa vipimo: pasipo mti.
Wamirning walikuwa wameshapaita zamani,
wala hawakuanza kwa kuhesabu kisichokuwepo.

Mimi ndiye dereva.
Miaka arobaini na miwili nilikaa kushoto
na ramani mapajani na chupa ya chai miguuni.
Sasa wa kushoto ni yeye, ramani kaishika kichwa chini,
na akiniita Gwenda, jina la dada yake, naitika.
Kuitika hakuli dizeli.

Juu ya lami wamechora mistari minene, myeupe:
hapa hutua ndege ya daktari.
"Inakuja kutuchukua?"
"Leo hapana."
Kilomita kumi mbele:
"Inakuja kutuchukua?"
Lori la trela tatu likatupita, nyumba ikayumba,
vijiko vikajibu badala yangu.

Mpakani hawavushi matunda, wala asali.
Binti wa ukaguzi, Shanelle, jina kifuani,
alifungua friji yetu kwa adabu
ya mtu anayefungua droo ya marehemu.
Asali ikaenda. Vitunguu vikaenda.
Chenza akazihesabu kwa sauti: tisa.
Nilinunua kumi.
Nikanyamaza, nikasema moyoni, haya,
na mimi nimeanza.
Alwyn alisimama mlangoni, mikono mifukoni,
kama mtoto aliyekatazwa kugusa.

Mbele kidogo, bango: rudisha saa nyuma
dakika arobaini na tano.
Si saa, si nusu saa. Kama chenji
ya mwenye duka aliyekosa noti.
Nikamshika mkono, nikaizungusha mishale ya saa yake,
naye akatazama kwa makini, kisha akauliza
zile nyingine tutarudishiwa lini.

Caiguna tukaongezewa tena, kiasi kile kile.
Kutoka hapo barabara inanyooka
kilomita mia moja arobaini na sita, haina kona.
Giza lilitukuta katikati. Nikaegesha kando,
nikatoka, nikachuchumaa nyuma ya gurudumu,
upepo ukinipiga mgongoni kama unanidai.
Niliporudi alikuwa kwenye usukani.
Ufunguo nilikuwa nao mimi.
Nikapanda kushoto. Nikachukua ramani.

Akaendesha.
Akabadili gia, akatazama kioo,
akapunguza mwendo kumpisha kangaruu
ambaye huenda alikuwepo.
"Nisomee vibao," akasema. Nikamsomea vyote,
vya njia hii na vya njia za zamani,
Port Pirie, Wallaroo, shamba la baba yake,
geti lile bovu, funga usiache kondoo wakatoka.
"Kona iko wapi?"
"Hakuna kona."
"Basi hatupotei."

Tukaenda hivyo mpaka miguu yangu ikafa ganzi.
Ndipo akatia mkono mfukoni
akatoa chenza, ina joto la paja lake,
akaimenya polepole kwa kidole gumba,
akanipa nusu iliyo kubwa.
"Yule binti," alisema, "hajui kuhesabu."

Maganda niliyachoma kwenye moto wa gesi, moja moja;
sheria ni sheria.
Asubuhi usukani ulikuwa unanata.
Sikuufuta.