Daftari la Ndama

Mizani yangu ni ile ya kulabu, ya kupimia mbata,
niliyoinunua Ngamiani kwa mtu aliyekuwa anafunga duka.
Naifunga kwenye boriti ya banda, hapa Pongwe,
ndama namtia guniani, kichwa nje,
na mshale unacheza, unacheza, unatulia.
Naandika. Kwa penseli, maana wino hulowa.

Kibibi, kilo thelathini na moja.
Zabibu, ishirini na tisa.
Tausi, kumi na tisa. Hapo penseli ilivunjika
nami sikuichonga mpaka kesho yake.

Usiku Mwanakheri, binti wa kaka yangu, hunitumia sauti
kutoka kisiwa ambacho jina lake ulimi wangu haulitaki.
Upepo wa huko huingia simuni kama mtu anayerarua kaniki.
"Shangazi, leo tumepima watoto wa sili arubaini.
Nasi tunawatia guniani, kama wewe."
Akanieleza: mama wa sili hunyonyesha siku kumi na nane,
hali kitu; yeye anakonda, mwana ananenepa,
kisha anarudi majini
wala hageuki.
Mtoto hubaki na alichonyonya. Hiyo ndiyo nauli yake.
"Walioachwa wazito tunawaona tena,
mwaka wa tano, wa sita, wanapanda ufukweni kuzaa.
Wale wepesi..." Upepo ukala maneno.
"...wengi hatuwaoni. Si wote, shangazi. Wengi."

Nikafungua daftari.
Mwaka ule wa ukame gari la maziwa halikukosa hata alfajiri moja,
na palikuwa na ada ya chuo ya mtu.
Chuchu tatu za dumu, moja ya ndama:
hesabu hiyo niliifanya mimi, sikufanyiwa.
Tausi alinyonya povu.
Wenzake walizaa kwa miaka miwili na ushei;
yeye, wa nne ulimkuta mtamba, mbavu zahesabika,
dume analetwa, dume anaondoka, mwenye dume kalipwa.
Majirani wakasema kapigwa jicho.
Bwana mifugo akasema madini.
Daftari lilikwisha sema zamani.

Na ada ile ilikuwa ya nani,
hilo sitamwambia.
Alizaliwa Bombo, kilo moja na robo,
mamake kalazwa upande wa pili, hajitambui,
nikapewa mimi nimfunge kifuani,
ngozi kwa ngozi, siku thelathini na mbili.
Nesi kila asubuhi: "Gramu kumi." "Gramu tano."
"Leo hakuna."
Siku ya hakuna nilizunguka nyuma ya jengo,
nikasimama hapo na kanga mdomoni.

Nilimuuliza mara moja tu:
"Na wewe, wangekuandika upande gani?"
Akacheka mpaka akakohoa.
"Kwenye si wote, shangazi."

Tausi kazaa juzi usiku, peke yake, mwaka wake wa tano.
Jike. Gunia, kulabu, mshale:
ishirini na mbili.
Nimeitazama namba hiyo nikitafuta pa kuiegemeza.

Dang'a yote ni yake, hiyo haina mjadala.
Lakini dang'a itakwisha, na gari litapiga honi saa kumi na moja,
na dereva atalitikisa dumu, atanitazama:
"Bi Mwamtoro, mbona pungufu?"
Aandike pungufu.
Penseli yangu nimeichonga.