Kinu Kisicho na Nafaka

Bwana Zenon Gałązka anapanua kinywa,
nami naingiza kioo changu kidogo,
taa ikimulika huko ndani
kama tochi ya mlinzi ghalani.
Ni Novemba hapa Łódź. Dirishani theluji ya kwanza
inajaribu kushuka, inaghairi, inakuwa matope.

Gego la chini, kushoto, limepasuka.
"Umetafuna nini kigumu?"
Anatikisa kichwa. Supu. Wiki nzima supu.

Basi najua.
Natazama chonge zake: bapa,
kama vifutio vya watoto wa shule.
Shavuni kwa ndani, mstari mweupe, mrefu,
mahali nyama imekuwa ikibanwa usiku.
Nabonyeza taya kwa vidole viwili,
msuli ni fundo la kamba iliyolowa.
Anaruka kitini. Machozi yanamtoka,
na yeye ndiye anayeomba radhi.

Kazi yake ni tramu.
Si kuziendesha: anakaa mbele ya skrini tisa
akiamua ipi ingoje, ipi ipite,
na simu ikilia, ni mtu wa kumfokea.
Miaka kumi na tisa anajikaza kisabuni.
"Ndiyo, bwana, nimekuelewa,"
na jibu lenyewe analimeza.

Lakini jibu lililomezwa haliyeyuki.
Linangoja taa zizimwe.
Mkewe, Danuta, alininong'oneza mlangoni
kwamba usiku wa manane husikia
kama mtu anatafuna changarawe.
Akawasha taa, kumbe ni mumewe,
amelala fofofo, anakula hasira yake.

Kinu kisicho na nafaka hujisaga chenyewe.

Mwili haujui kupambanua
mbwa mwitu na sauti ya mkuu wa zamu.
Moyo unatimka, damu inapanda,
tumbo linaacha kazi zake nusu,
misuli yote inajikunja ngumi.
Mbwa mwitu angeondoka, au angekula, yakaisha.
Simu haiondoki.

"Kichwa huuma asubuhi?"
"Hapa, na hapa."
"Shinikizo la damu?"
"Yule daktari mwingine kanipa vidonge."
"Usingizi?"
Anacheka, kinywa kimejaa pamba.

Namtengenezea kinga ya plastiki, ya kuvaa usiku,
na namwambia ukweli:
hii italinda meno, haitakulinda wewe.
Mchana, midomo ikutane, meno yaachane.
Simu ikikatika, kabla hujainua nyingine,
toa pumzi hadi iishe yote,
kama unayepoza ile supu yako.
Na jioni rudi nyumbani kwa miguu.
"Mimi? Mwenye tramu?"
Hasa wewe, mwenye tramu.
Na lile jibu, mwambie Danuta.
Si lote. Kipande.

Anavaa koti. Ananiuliza bei kwa haya.

Saa mbili usiku naosha koleo na vioo,
barua ya benki iko drooni tangu Jumatatu,
sijaifungua,
na ghafla nasikia kichwani mwangu
mlio mdogo: krii.
Ni mimi. Meno yangu.
Mganga, kinywa wazi mbele ya sinki.

Mama alikuwa mfumaji kiwandani, zamu ya pili.
Akirudi, hakuingia ndani.
Alivua viatu, akaketi ngazini
robo saa, bila kumsemesha mtu.
Tulidhani ametukasirikia.
Tulikuwa tukichungulia kwenye tundu la ufunguo
tukigombania nafasi.
Leo ndiyo naelewa:
alikuwa akiingoja mitambo izimike ndani yake
kwanza, ndipo atuguse.

Nafungua barua. Si nzuri. Si kifo pia.
Naifunga kliniki, nakaa ngazini na koti langu,
baridi ikinipanda mapajani.
Ng'ambo, tramu tupu imesimama kwenye taa,
inanguruma polepole, haiendi.
Kuna mtu mahali fulani ameiambia ingoje.

Midomo yangu imekutana.
Meno, taratibu, yanaachana.