Upindo

Aprili, Pasua. Mvua imekatika saa kumi,
udongo wa uani bado unanata kwenye kandambili,
na mimi nimeweka jiko juu ya matofali mawili
kando ya mlango wa chumba cha cherehani.
Mkaa ni wa jana, nusu ndoo. Utatosha.

Shemeji Ndetaramo kaletwa na bodaboda,
mguu wa kushoto kaufunga kitenge cha dada yangu.
Gauti. Daktari kamwandikia kwenye karatasi:
nyama nyekundu, acha. Maini, acha. Supu ya utumbo, acha.
Mtu aliyekata ndafu kwenye harusi kumi na tisa,
aliyejua kumtia mbuzi majani mdomoni
akaonekana anatabasamu,
leo ananitazama nikimenya karoti.

"Hiyo ndiyo choma?" anauliza.
Simjibu. Nina kazi.

Bilinganya vipande vinene, maana vyembamba huyeyuka.
Hoho nyekundu moja, ile ghali ya Kiboriloni.
Ngogwe nazipasua katikati zisije zikalipuka.
Kitunguu cha Mang'ola, kitunguu saumu na ngozi yake,
mshare mmoja, wa kumkumbusha kwao Kibosho.
Chumvi ya vidole vitatu. Mafuta ya alizeti, kifuniko kimoja.

Foili nimeipima kwa futikamba ya kazini,
sentimita arobaini. Fundi hakisii.
Upande unaong'aa nauweka ndani.
Dada anasema hakuna tofauti,
lakini kwangu kila kitambaa kina uso na kisogo.
Nakusanya kingo, nakunja mara moja,
nakunja mara ya pili, nabana kwa kucha,
kama upindo wa suruali ya mwanafunzi
ambaye mama yake kasema: acha nafasi, atarefuka.
Naacha nafasi. Mvuke nao hurefuka.

Vifurushi vinne. Changu nimekitia sikio,
cha dada masikio mawili, maana hali kitunguu,
cha mtoto kimesokotwa kama pipi.
Cha shemeji sikukitia alama. Kizito kinajulikana.

Basi tukakaa.
Hakuna tone lililodondoka motoni,
hakuna sufuria, hakuna mwiko,
wala ule moshi unaonifuata mimi kila ninapohamisha kiti.
Shemeji akanusa hewa. Hewa haikumwambia kitu.
"Mji wenyewe unaitwa Moshi," akasema,
"wewe unachoma bila moshi. Majirani watajuaje?"
Nikamwambia, sikiliza.

Na kweli, ndani ya foili palikuwa na maneno,
madogo madogo, kama ya wanawake wawili
nyuma ya pazia langu la kujaribia nguo.
Kifurushi kikavimba tumbo. Nikakigeuza kwa koleo.
Dakika kumi. Nyingine kumi.
Huko juu wingu likafunguka, Kibo akachungulia,
akafunga. Hakuna aliyeinuka. Tumemzoea.

"Fungua mbali na uso," nilimwonya.
Hakusikia. Mvuke ukampiga miwani
akabaki haoni, anacheka peke yake,
kicheko ambacho dada hajakisikia tangu mguu uanze.
Akala mshare kwanza. Kisha bilinganya.
Vidole vikatafuta mfupa pembezoni, kwa mazoea,
vikakuta mchuzi wa hoho,
akaunywa kwa kuinua foili kama kikombe.

"Haifikii ndafu," akasema.
"Haifikii," nikakubali. Sishoni uongo.

Vyombo vya kuosha: kisu, na ubao.
Dada aliinuka kuelekea bombani kama kila siku,
akafika, akakosa la kufanya,
akanawa mikono mara mbili, akarudi kukaa.

Nilipogeuka nikamkuta shemeji
kaitandaza foili juu ya paja la mguu mzima,
anaipiga pasi kwa kidole gumba,
mkunjo baada ya mkunjo.
"Ule upindo," akasema, bila kuniangalia,
"unaanzia upande upi?"