Funguo Sita

Desemba ikishika Uyole, maswali hubadilika.
Hakuna anayeuliza nani kamaliza luku,
nani kaacha ndoo bombani.
Ni moja tu, mlango hadi mlango:
"Spesi, kwenu unaenda lini?"

Tumpe kafunga kilo tano za sukari: Tukuyu.
Sanga kabeba bati nne za Makete, na mdomo
umeshaanza Kikinga kabla hajafika stendi.
Mama Luvanda anasema huko Ifunda ulanzi haujaanza kugemwa,
ila atakwenda hivyo hivyo,
kaburi la mumewe limeota majani.

Mimi nasema, "Bado naangalia."
Naangalia nini? Ukungu umeufuta mlima tangu asubuhi.

Nilizaliwa Mishamo,
kijiji kilichopata namba kabla ya jina.
Babu aliingia mwaka wa sabini na mbili
na jembe lisilo na mpini,
akang'oa visiki, akavuna, akazeeka,
akafa akiitwa mgeni.
Jina lake Ntahombaye.
Nilimuuliza baba maana yake. Akakohoa.
"Sina ninapokaa. Ndivyo lilivyo. Kula."

Cheti cha uraia baba anakiweka
ndani ya mfuko wa nailoni, ndani ya Biblia, ndani ya sanduku,
na ufunguo wa sanduku
uko kwenye pindo la kitenge cha mama.

Kazini waliniuliza kabila. Nikasema Muha.
Muha wa kweli akanisalimia.
Nikagida chai ya moto, ulimi ukababuka,
nikapona kujibu.

Burundi sijaiona. Ndoto zangu ni za Kiswahili;
nikijikwaa kidole, natukana Kinyakyusa cha Tumpe.
Mama hupiga simu Jumapili: "Urakomeye?"
Naelewa yote. Nafungua mdomo:
"Sijambo, mama,"
na kimya kinachofuata kinakula salio.

Saa kumi na moja alfajiri wananigongea.
"Tunakuachia hizi. Wewe si upo."
Funguo sita kwenye kamba ya kiatu.
Kuku wawili wa Tumpe.
Mche wa parachichi wa Sanga, kwenye kopo la rangi.

Wiki mbili nafagia ua usiochafuliwa na mtu.
Usiku, mvua ikipiga bati,
napita na tochi nikigusa makufuli,
moja, moja,
kama mtu anayehesabu watoto waliolala.

Tarehe nne Januari, hodi.
Tumpe, mkungu begani, viatu mkononi, tope hadi magotini.
"Kwetu kumenyesha, usiombe! Lete ufunguo, nimechoka."
Ninao kiunoni. Vidole vinachelewa kuufungua.
"Karibu nyumbani," namwambia.
Ananitazama. Anacheka.
"Eti karibu nyumbani! Umekuwa mwenye nyumba?"

"Kuku wako katagia chini ya kitanda changu," nasema.
"Mayai tisa.
Nimekula mawili."