Nani Yuko Macho

Saa tisa usiku, Tacuarembó hata mbwa wamelala.
Dawa ya jana inazurura mwilini kama mgeni
asiyejua choo kiko wapi.
Nashika simu, naandika: nani yuko macho?

Tiki moja. Tiki mbili. Zinageuka buluu.
Mirtha wa Rivera yuko macho.
Delmira, kule machungani ambako mtandao
hushika ukisimama juu ya ukingo wa kisima, yuko macho,
amesimama juu ya kisima, kajitanda blanketi.
Zulema anatuma sauti. Hasemi neno,
anapumua tu, na nyuma yake birika linaanza kuimba.

Kundi letu tuliliita Vipara.
Wanawake kumi na mmoja, basi moja la Montevideo,
saa tano kwenda, saa tano kurudi,
dakika kumi na mbili chini ya mashine.
Humu nimefunzwa ambayo daktari hakuwa na nafasi nayo:
kwamba kijiko cha chuma huamsha ladha ya kutu, kulia cha mti;
kwamba kucha zikisawijika si laana;
kwamba mume akigeukia ukutani
huenda analia.

Siku moja binamu yake Mirtha akaingia na chai yake,
majani ya ajabu, chupa peso elfu tatu,
achaneni na hospitali, mimi nimeona kwa macho yangu.
Wawili wetu walishaagiza.
Mfa maji haulizi bei ya ubao.
Ivonne, muuguzi, hakufoka. Aliandika:
Nilimzika dada yangu. Chupa nne kama hizo zingali kabatini.
Kisha: Kesho dozi saa mbili, njooni na sweta.
Binamu akaondoka mwenyewe.

Agosti, Zulema hakupanda basi.
Jina lake likabaki, na picha yake
katika kofia ya sufu ya kijani, amebetua midomo.
Hatukuthubutu kumtoa.
Kumtoa ni kubonyeza mara moja tu;
hata kaburi lilidai jasho zaidi.

Mpaka usiku ule wa Septemba, mvua ikichapa bati,
juu ya kioo: Zulema anaandika…
Simu nusura iniponyoke.
Anaandika. Anaacha. Anaandika.
Nikaita jina lake kwa sauti, gizani, mjinga mimi.

Alikuwa Wáshington, mumewe, fundi wa matrekta,
kidole kimoja, bila nukta:

samahani mabibi sijui kufuta hiki kitu
na sijui kama nataka
birika bado nalibandika saa hizi
naomba kuuliza
nani yuko macho

Tiki mbili.
Delmira alishaanza kupanda kisimani.