Pete Kwenye Filamu

Alikuja amevaa kwa ajili ya picha:
kitenge kipya, bado kina ugumu wa dukani,
mafuta usoni, nyusi zimechongwa na mjukuu,
na vumbi la Ntyuka amelipangusa viatuni, mlangoni,
kwa kitambaa alichokikunja tena akakirudisha kifuani.

"Mbukwa," akasema. Akaketi wima, kidevu juu,
akaukazia macho mtambo wangu.

Nikamwambia, Mama Foibe, uso hatuutaki.
Fomu imeandikwa mikono. Yote miwili.
Alicheka mpaka benchi likalia.
"Basi Yunike kanimalizia mafuta bure."

Miaka thelathini ya kokoto, mikono ile.
Nyundo, jiwe, na pete ya tairi ya kuzuia vipande visiruke.
"Asubuhi vidole vinagoma," akasema,
"mpaka jua lifike dirishani ndipo nifunge kifungo.
Ugali wa uwele nausonga kwa viwiko."
Na mawe akayataja moja moja, kama wadeni:
lile jeusi la bondeni, lile lenye chenga za kung'aa,
lile lililomrukia mwaka wa njaa.

Maabara walishamtoa damu,
wakaisimamisha kwenye mrija mwembamba saa nzima
waone inazama kwa kasi gani.
Damu ya mwili wenye moto ndani haikawii juu;
hushuka kama mtu aliyetumwa na msiba.
Yake ilishuka.

Toa bangili, mama. Toa saa. Toa pete.

Pete haikutoka.
Sabuni alishajaribu, mafuta ya alizeti, uzi wa kushonea.
Kiungo kilikuwa kimevimba, kimefunga njia.
"Asheri aliinunua stesheni, treni ilipochelewa,
kwa mchuuzi asiye na mizani," akasema,
na nilipouliza Asheri yuko wapi
akautazama ukuta.

Nikamlazia viganja juu ya kaseti,
vidole vimeachana kidogo,
kama anayezuia karatasi isipeperushwe na upepo wa Agosti.
Nikaenda nyuma ya ukuta wenye risasi.
Tulia. Usitikisike.
Umeme ukasita, ukarudi. Tukarudia.

Mfupa ni mweupe, nyama ni ukungu,
na kati ya mfupa na mfupa panatakiwa uzi wa giza,
nafasi ya kiungo kugeukia.
Kwake nafasi zilikuwa zimefungwa,
na kingo zimeng'atwang'atwa
kama muhogo uliopitiwa na panya ghalani.
Kulia vile vile, kushoto vile vile.
Hapo ndipo niliposogeza kiti.
Nyundo hushikwa kwa mkono mmoja.

Lakini mimi si wa kusema. Kazi yangu ni mwanga;
majina hutolewa na Daktari Msanjila, chumba namba nne.
Baridi yabisi, alimwambia. Si mawe, mama.
Ni mwili wenyewe unajishambulia, na dawa ipo,
ila ni ya kila wiki, na ya kuvumilia.
Na pete ikatwe leo, kidole kisije kufa.

Alirudi kwangu badala ya kwenda kwa muuguzi.
"Nimeyasingizia," akasema. "Miaka yote hiyo, mawe nimeyasingizia."
Kisha, kwa sauti ya mtu anayeomba kukopa chumvi:
"Nipige nyingine. Kabla hawajaikata."

Mionzi haitolewi kwa ukumbusho.
Nilitaka kumwambia hivyo, na ni kweli.
Nikaitoa filamu kwenye bahasha, nikaiweka kwenye taa.
Tazama, mama.

Pale, kidole cha nne, kushoto:
duara jeupe kuliko mfupa wowote,
halina ufa, halina kingo zilizoliwa,
limeuzunguka mfupa bila kuugusa.

Akaitazama muda mrefu kuliko foleni ilivyoruhusu.
"Mbona inaelea," akasema.

Msumeno wa muuguzi ni mdogo, hauna kelele.
Vipande viwili akavifunga kwenye pindo la kanga.
Filamu akaibeba mwenyewe, juu juu, isikunjwe,
na mimi nikafuta meza.
Nikaita: Mwajuma Chidong'oi, goti la kulia.
Akaingia mtoto kabebwa na kaka yake,
amevaa sare za shule, kiatu kimoja.
Tulia, nikamwambia. Hapa hatupigi uso.