Dakika Tatu

Mlangoni kwa akina Hruska nilisema: kodi.
Mzee akaguna, akakipokea kikaratasi changu,
akajifutia nacho mafuta ya trekta vidoleni.
Kwa mwalimu mstaafu, nyumba ya rangi ya siagi,
nilisema: vitabu, na madirisha yasiyofunga.
Kwa kijana aliyehamia juzi kutoka Omaha,
mtoto begani, soksi moja ya mtoto imepotea,
nilisema: kesho yao. Nikaona haya.
Neno hilo limeshikwashikwa na wengi.

Oktoba, Nebraska. Mahindi yamekauka, yanasuguana
kama watu wanaonong'ona kanisani,
na mimi, Marlys Vondra, miaka sitini na minne,
ishirini na miwili kati yake kwenye usukani
wa basi la shule namba kumi na nne,
nabisha hodi nikiomba kazi isiyo na mshahara.
Mume wangu aliuliza mara moja tu,
gazeti likiwa usoni: "Unatafuta nini huko?"
Nikamjibu supu inapoa.

Nitakuambia wewe, usiyekuwa na kura hapa.

Januari nilikwenda kwenye kikao cha bodi.
Nikaandika jina, nikangoja saa mbili
juu ya kiti cha chuma, koti mapajani.
Mwananchi hupewa dakika tatu. Kuna kisaa chekundu.
Nikaanza: hita ya basi imekufa tangu Novemba,
njia imerefushwa, mtoto wa kwanza hupanda
saa kumi na mbili kasorobo, giza totoro,
theluji magotini, na asubuhi moja
nilipofungua mlango, yule msichana wa akina—

Kikalia.
"Tunakushukuru," alisema mwenyekiti.
Wakaingia ajenda ya ubao mpya wa taa
wa kuonyesha pointi uwanjani.
Ukapita. Mikono yote juu.

Mwenyekiti ni Gaylen Stroud. Nilimbeba miaka tisa.
Darasa la pili alitapika, kiti cha tatu kushoto,
nikampangusa kwa skafu yangu, sikumwambia mtu.
Kwa hiyo sitakudanganya kwamba ni mapenzi matupu.
Kuna kijiwivu humo. Kuna kiburi.
Kuna kiganja kinachowasha
kila nikiiona ile nyundo yake ya mbao.
Chungu changu kinachemka kwa kuni za kila aina,
nyingine zina moshi.

Ila usiku, sahani zikishakauka,
natega saa ya kuchemshia mayai,
nasimama mbele ya jokofu, naianza upya
sentensi ile iliyokatwa.
Nimeondoa hita. Nimeondoa theluji.
Nimeondoa hata miaka yangu ishirini na miwili,
na hiyo iliniuma.
Kumbe nilipaswa kuanza na jina.

Odalys Treviño, naliambia jokofu,
alikuwa amevaa soksi mikononi.

Sekunde tano.
Mayai bado mabichi.